Daftari Moja kwa Kampuni Nzima

Ndugu wasikilizaji, maofisa na askari wa jeshi na wa polisi, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikusema yote. Siku hizi iko mali yenye madaftari manne au matano, nayo hupotea vile vile, kwa kuwa madaftari hayo hayasemezani. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu dawa ya ugonjwa huo, yaani programu ya kompyuta inayounganisha shughuli zote za kampuni ya rejareja katika daftari moja. Tutaeleza ni kitu gani, hufanya kazi kwa namna gani, na kwa nini askari anayepelekewa kesi ya upotevu wa mali hana budi kuifahamu kabla hajamtia mtu pingu.

Tuanzie Kamembe, mji mkuu wa biashara wa wilaya ya Rusizi, katika nchi iliyojulikana kama mkoa wa Cyangugu hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Bidhaa nyingi za dukani huko husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigali, zikipita msitu wa Nyungwe, na nyingine zimekwisha kutembea njia ndefu zaidi kutoka bandari ya Dar es Salaam. Magharibi, ng'ambo ya mto, ni Bukavu, na wanunuzi huvuka kwa madaraja ya Rusizi I na Rusizi II. Kusini ni bonde la Bugarama, lenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji, karibu na mpaka wa Burundi. Mfanyabiashara wa hapo anahudumia nchi tatu, na kwenye droo yake hukutana faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola za Marekani.

Tuchukue mfano. Wastaafu kadhaa wamekusanya viinua mgongo vyao na mikopo yao, wakaunda kampuni. Wana ghala na duka kubwa Kamembe, tawi la pili Bugarama, na la tatu karibu na mpaka. Siku moja lori linaleta mifuko 300 ya sukari. Kijana wa ghala anaihesabu na kukuta 4 imepasuka na kulowa mvua. Anaandika mifuko 296. Mhasibu, aliyeko ofisini, hakuiona mifuko hiyo. Ameletewa ankara ya mifuko 300, naye anaandika 300. Wiki ya pili, meneja wa Bugarama anachukua mifuko 60 na kuacha kikaratasi, ambacho mhasibu hakupelekewa. Keshia wa Kamembe anauza mifuko 180 katika mwezi huo.

Mwisho wa mwezi, daftari la ghala linasema imebaki mifuko 56. Leja ya mhasibu inasema imebaki 120. Wakurugenzi wanakwenda ghalani na kuhesabu: ni 56. Iko wapi mifuko 64? Hakuna aliyeiba hata kilo moja. Minne iliharibika njiani, na 60 iko Bugarama ikiuzwa. Lakini kikaratasi kimepotea, mwenye ghala ni kijana asiye na mtetezi, na mtaji ule ni jasho la miaka ishirini ya utumishi. Nanyi mnajua jambo linalofuata: simu inapigwa kituo cha polisi.

Ndugu wasikilizaji, msidhani kwamba kosa hapo lilikuwa uvivu. Kila mmoja aliandika alichokiona. Kosa ni kwamba jambo moja liliandikwa mahali pengi, na watu mbalimbali, kwa nyakati mbalimbali, pasipo njia ya kulinganisha.

Kanuni ya kuondoa kosa hilo ninyi mnaijua kuliko wafanyabiashara wengi. Katika ghala la silaha hakuna rejesta tatu. Iko moja. Kila bunduki ina nambari yake; anayeichukua huandikwa jina, saa na sababu; anayeirudisha huandikwa vile vile; na anayepokea zamu huhesabu kwanza, ndipo akatia sahihi. Mkuu wa kikosi akitaka kujua bunduki fulani iko kwa nani, hamwulizi mtu anakumbuka nini, hufungua rejesta. Programu tunayoizungumza ni rejesta ya namna hiyo, ila yasomeka Kamembe, Bugarama na mpakani kwa dakika ile ile.

Wazo la kuandika mali kwa utaratibu ni la kale. Mwaka 1494 mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha huko Venice maelezo ya uhasibu wa pande mbili, ambapo kila kinachoingia mahali pamoja huandikwa kuwa kimetoka mahali pengine. Kompyuta haikuifuta kanuni hiyo, iliiharakisha. Mwaka 1972 wahandisi watano waliotoka kampuni ya IBM walianzisha nchini Ujerumani kampuni ya SAP, kwa nia ya kuunda programu itakayohudumia idara zote za kampuni moja. Mwaka 1974, tarehe 26 Juni, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, pakiti ya chingamu ilipitishwa juu ya mashine ya kusoma alama za mistari, ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa namna hiyo. Kwa muda mrefu vyombo hivyo vilikuwa vya makampuni makubwa tu. Baadaye zilitokea programu zilizo wazi, ambazo mtu yeyote aweza kuzichukua na kuzirekebisha, kama ile iliyoanzishwa Ubelgiji mwaka 2005 na ambayo leo huitwa Odoo. Kwa hiyo kampuni yenye maduka matatu haizuiliwi tena na bei ya programu pekee. Gharama kubwa ni vifaa, mafunzo na kazi ya kuilinganisha na shughuli za kampuni.

Sasa tuitazame ikifanya kazi Kamembe. Sukari inapoagizwa, agizo huandikwa ndani ya programu. Lori likifika, kijana wa ghala hafungui daftari jipya. Hulifungua agizo lile lile na kuandika: imepokelewa 296, imeharibika 4. Hapo hapo mhasibu aona kwamba ankara ya 300 haiafikiani na mali iliyopokelewa, akazuia malipo ya ile 4 mpaka ijulikane hasara ni ya nani. Nauli ya lori hugawanywa juu ya kila mfuko, ili kampuni ijue mfuko mmoja umegharimu kiasi gani ukiwa Kamembe, wala si Kigali. Wengi wameuza kwa hasara huku wakicheka, kwa kuwa waliisahau nauli.

Meneja wa Bugarama akichukua mifuko 60, huandikwa hati ya uhamisho. Mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba ameipokea, programu huihesabu kuwa ipo njiani. Haipo Kamembe, haipo Bugarama, wala haikupotea. Keshia akiuza mfuko, ghala hupungua kwa mmoja, fedha huongezeka, kodi huhesabiwa, na faida huonekana, kwa tendo moja tu la kuandika. Ndiyo maana ya neno kuunganisha: tukio moja huandikwa mara moja, mahali linapotokea, na yule aliyelitenda, wengine wote hulisoma.

Faida ya pili ni kuona mbele. Tuseme duka la Kamembe huuza mifuko 12 kwa siku, na mzigo mpya huchukua siku 5 kufika. Mwenye busara huongeza siku 3 za tahadhari, kwa ajili ya barabara au mvua. Siku 8 mara mifuko 12 ni mifuko 96. Ghala likishuka hadi 96, programu hutoa ishara kwamba wakati wa kuagiza umefika. Jeshi huita jambo hilo ugavi, na kila askari anajua kikosi kisichopanga ugavi wake huishia wapi.

Katika wilaya ya mpakani jambo hilo si la anasa. Mwezi Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka yake kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na mwezi Juni mwaka huo Rusizi iliwekewa tena amri ya kutotoka. Mwezi Februari 2025 vita vilifika Bukavu, mji ulipotwaliwa na waasi wa M23. Nyakati kama hizo mfanyabiashara huamka akakuta sehemu kubwa ya wanunuzi wake haiwezi kumfikia. Aliye na daftari moja aweza kuuliza jioni ile ile: bidhaa zipi zilikuwa zikinunuliwa mpakani zaidi, zipi zitaharibika kwanza, deni gani linakaribia kulipwa, na fedha iliyoko ni ya nchi gani. Majibu hayo hayafungui mpaka, lakini yanamwezesha kuhamisha maziwa na unga kwenda tawi la Bugarama kabla tarehe zake hazijapita.

Tumetaja fedha. Programu iliyowekwa vizuri huandika kila malipo kwa fedha iliyotolewa, pamoja na kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo. Pasipo hilo, keshia aliyepokea dola asubuhi na kuzikabidhi jioni kwa kiwango kingine ataonekana ama mwizi ama mjinga, ilhali si hilo wala hili.

Liko pia sharti la sheria. Tangu mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ya Rwanda iliwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani kutoa risiti kwa mashine za kielektroniki, na baadaye kazi hiyo ikahamia katika programu za kompyuta na wajibu ukapanuliwa kwa wengine. Kampuni yenye programu yake aweza kuiunganisha na mfumo wa Mamlaka, ili risiti na leja zitokane na tendo moja. Mwaka 2024 serikali ilianza kumrudishia mnunuzi wa mwisho asilimia 10 ya kodi iliyomo katika risiti. Bidhaa ya faranga 11,800 ina kodi ya faranga 1,800, kwa kiwango cha asilimia 18. Mnunuzi aliyedai risiti yake hurudishiwa 180. Ni kiasi kidogo, lakini humfanya mnunuzi awe mlinzi wa daftari.

Ninyi wanajeshi mna sababu yenu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mwaka 2016 Tanzania iliondoa msamaha wa kodi katika maduka ya majeshi, na mahali pake ikaamua kuwapa askari posho. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba msamaha ule ulitumiwa vibaya na watu wasiostahili. Duka lolote la bei nafuu kwa askari, katika nchi yoyote, huishi kwa swali moja: nani amenunua nini, na kiasi gani? Daftari lisilojibu swali hilo huufungua mlango wa nyuma, na mwisho wake askari mwaminifu hulipa pamoja na mlanguzi.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, tusiiabudu mashine. Kompyuta haioni rafu wala ghala. Inajua tu kile mkono wa mtu ulichoiandikia. Nakumatt ya Kenya ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki, na ilifungua duka lake mjini Kigali mwaka 2008. Haikuwa kampuni isiyozijua kompyuta. Hata hivyo mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, ambaye aliripoti kwamba mali ya mabilioni ya shilingi iliyokuwa vitabuni haikupatikana ghalani. Na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Nayo kampuni ya Lidl ya Ujerumani, yenye maelfu ya maduka, iliiacha programu mpya mwaka 2018 baada ya miaka 7 ya kazi na matumizi yaliyokadiriwa na magazeti kuwa karibu yuro milioni 500. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuhesabu mali yake kwa bei ya kununulia, na programu ilijengwa kuihesabu kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili desturi, na programu haikubadilika kwa urahisi.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, mali lazima ihesabiwe kwa macho na kwa mikono, mara kwa mara, hata kama kioo cha kompyuta kinang'aa. La pili, kabla ya kununua programu, kampuni ijue kwanza inavyofanya kazi yake. Utaratibu mbovu ukiingizwa katika kompyuta, huwa utaratibu mbovu wenye mwendo wa kasi.

Sasa twafikia jambo zito kuliko yote kwenu ninyi wa polisi. Mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilianza kuweka katika maduka yake programu iliyoitwa Horizon, ya kuhesabu fedha na mauzo ya kila tawi. Matawi mengi yaliendeshwa na watu wa kawaida, wenye duka dogo la kijijini lililo na dirisha la posta. Programu ilianza kuonyesha upungufu wa fedha. Wenye maduka walilia kwamba hawakuchukua kitu. Wengi walijibiwa kuwa ni wao tu wenye tatizo hilo. Mahakama nazo zilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wako waliofungwa, waliofilisika kwa kulipa fedha ambazo hawakuiba, na waliojiua.

Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuonyesha upungufu usiokuwepo. Ilidhihirika pia kwamba mafundi wa kampuni iliyoiunda, Fujitsu, waliweza kuingia katika hesabu za tawi kutoka mbali pasipo mwenye duka kujua. Mwezi Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu kwa mkupuo. Zilikuwa zimepita takriban miaka 25.

Kwa hiyo askari anapoletewa karatasi iliyochapwa na kompyuta, yenye kusema kwamba fulani ana upungufu, aipokee kama maelezo ya shahidi mmoja. Shahidi huulizwa maswali. Je, mali imehesabiwa kwa mikono, na nani alikuwepo? Je, kila mfanyakazi ana jina lake na neno lake la siri, au wote hutumia moja? Ni nani zaidi ya mshtakiwa aweza kuingia na kubadili hesabu? Je, programu huhifadhi kumbukumbu ya kila badiliko, pamoja na saa na jina la aliyelifanya? Je, matawi mengine yana upungufu wa namna hiyo hiyo? Je, hakuna mali iliyo njiani, au iliyopokelewa na kutoandikwa? Kwa swali hilo la mwisho peke yake, kijana wetu wa ghala kule Kamembe angelala nyumbani kwake usiku ule.

Na kwa yule anayetaka kuanza, ushauri ni mfupi. Kibanda cha bidhaa thelathini hakihitaji programu hii. Daftari la karatasi, likiandikwa kila siku, latosha. Kampuni yenye matawi na ianze kwa kuhesabu mali yote na kuipa kila bidhaa jina moja, maana sukari iliyoandikwa kwa majina matatu ni bidhaa tatu mbele ya kompyuta. Iendeshe daftari la zamani na jipya pamoja kwa mwezi mmoja au miwili, ikilinganisha kila jioni. Umeme ukikatika, duka lisisimame: iwepo betri, na programu iweze kuuza bila mtandao na kupeleka habari baadaye. Nakala ya hesabu zote ihifadhiwe mahali pengine, mbali na jengo. Anayeagiza mali asiwe ndiye anayeipokea, na anayeipokea asiwe ndiye anayeilipia. Na kamwe mtu asimpe mwenzake neno lake la siri, kama vile askari asivyomkopesha mwenzake bunduki aliyoitilia sahihi.

Ndugu wasikilizaji, daftari moja ni jambo jema. Humwezesha mstaafu kujua kilipo kiinua mgongo chake, humwezesha mnunuzi kupata haki yake, na humlinda mfanyakazi mwaminifu dhidi ya kumbukumbu za watu na hila zao. Lakini humlinda tu palipo na watu wanaoandika kweli, wanaohesabu kwa mikono yao, na wanaouliza kabla ya kuhukumu. Mashine itunze hesabu. Haki itabaki kuwa kazi yetu.